Bakteria wa fizi na viungo vya mbali: wanafikaje, na ushahidi unasema nini

Tuseme kuta za ndani za mifuko yote inayozunguka meno ya mtu mwenye ugonjwa wa fizi wa muda mrefu zinakunjuliwa na kutandazwa mezani. Utapata kidonda chenye eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20. Wapo wanaosema kinatoshana na kiganja kizima cha mkono, lakini hesabu za makini hazifiki huko. Hata hivyo, kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mguuni hakuna ambaye angekaa nacho miaka 10. Cha mdomoni huachwa kwa sababu hakionekani, mara nyingi hakiumi, na damu kwenye mswaki watu wameshaizoea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua kali.

Kutokana na kidonda hicho yamezuka madai mengi: kwamba bakteria wa fizi huharibu moyo, figo, ini, ubongo, viungio, hata mimba. Madai hayo hayalingani uzito. Mengine yamethibitika, mengine yana mantiki nzuri lakini hayajapimwa vya kutosha, na machache yamepimwa yakashindwa. Anayetaka kuyapambanua aulize maswali mawili kwa kila kiungo. La kwanza: bakteria, au madhara yao, wanafikaje huko? La pili, ambalo husahaulika: fizi zikitibiwa, kiungo hicho kinapata nafuu?

Kutoka utando hadi mfuko

Mdomoni mna spishi zaidi ya 700 za bakteria, na nyingi hazina ubaya. Jino likisafishwa, protini za mate hulifunika upya ndani ya dakika chache. Bakteria wa kwanza hujishikiza hapo, na baada ya siku moja au mbili unakuwa na utando laini ambao unaweza kuukwangua kwa ukucha. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, ambao mswaki hauwezi kuutoa. Wengi wanauogopa ugaga wenyewe, ilhali ni jiwe tu. Ubaya wake ni kwamba uso wake una vishimo na mikwaruzo inayowapa bakteria hai mahali pa kukaa, tena karibu kabisa na ufizi.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Waliporudia usafi, fizi zilipoa baada ya takriban wiki moja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa hurudi nyuma. Hatua ya pili hairudi. Mcharuko, yaani ule wekundu, joto na uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili inapopambana, ukidumu muda mrefu, ufizi huachana na jino. Mwanya wa kawaida wa milimita 1 hadi 3 unakuwa mfuko wa milimita 4, 6, hata 10, na mfupa wa taya unaanza kuliwa. Anayeula mfupa huo si bakteria. Ni seli za mwili wenyewe zenye kazi ya kubomoa mfupa, ambazo mcharuko umezichochea zifanye kazi kupita kiasi.

Chini ya mfuko hakuna hewa, na nywele za mswaki hazifiki. Hapo hustawi bakteria wasiopenda oksijeni, na watatu kati yao hukutwa pamoja mara kwa mara kwenye mifuko mirefu: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Huyo wa kwanza ndiye aliyechunguzwa zaidi, na tabia zake zinaeleza mengi. Hali sukari, chakula chake ni vipande vya protini, na anahitaji madini ya chuma anayoyapata kwenye damu. Maana yake ufizi unaotoka damu unamlisha. Hutoa vimeng'enya viitwavyo gingipaini, vinavyokata protini za tishu na pia protini ambazo kinga hutumia kupeana taarifa. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: seli nyeupe za damu zinakuja kwa wingi, zinafanya fujo, tishu zinaumia, lakini bakteria hawamaliziki. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2011, P. gingivalis alivuruga jamii nzima ya bakteria wa mdomoni ingawa alikuwa chini ya asilimia 0.01 ya idadi yao. Ni mchonganishi: idadi yake ndogo, lakini nyumba nzima haikaliki.

Njia za kutokea

Bakteria wa mfukoni wana njia tatu za kusafiri. Ya kwanza ni damu. Kutafuna chakula au kupiga mswaki kwenye fizi zenye mcharuko kunatosha kuwasukuma kwenye mishipa midogo iliyo wazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulipima damu za watu waliogawanywa kwa kura: baada ya kupiga mswaki, asilimia 23 walikutwa na bakteria kwenye damu, baada ya kung'olewa jino bila antibayotiki, asilimia 60. Kwa mtu mwenye afya, ini, wengu na seli nyeupe huwaondoa kwa muda mfupi, aghalabu chini ya saa moja. Kung'oa jino ni tukio la mara moja maishani, au mara chache. Mswaki na chakula ni vya kila siku. Ndiyo maana wataalamu wengi leo hujali zaidi hali ya fizi za mgonjwa kwa mwaka mzima kuliko ile siku moja aliyokaa kwenye kiti cha daktari.

Njia ya pili ni kumeza. Mtu humeza mate lita moja au zaidi kwa siku, na mate hayo yamejaa bakteria. Asidi ya tumbo huua wengi wao. Mwenye asidi kidogo, kwa mfano anayetumia kwa muda mrefu dawa za kuipunguza, huwapitisha wengi zaidi. Njia ya tatu ni kuvuta: matone madogo ya mate huteremka kwenye koo la hewa, hasa usingizini au mtu akiwa na shida ya kumeza.

Ipo na njia ya nne ambayo bakteria hawasafiri kabisa. Mfuko wa fizi hutoa kemikali za mcharuko, kama vile interleukini-6, na kemikali hizo huingia kwenye damu. Ini likizipokea hutengeneza CRP, protini ya damu inayoashiria mcharuko mwilini, ambayo hupanda kidogo kwa watu wenye ugonjwa mkali wa fizi na hushuka baada ya tiba. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mcharuko wa fizi unaweza kubadilisha hata seli mama kwenye uboho, zikawa zinazalisha seli nyeupe zenye hasira zaidi, na panya hao wakapata ugonjwa wa viungio mkali zaidi. Kwa maoni yetu njia hii ya nne ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya uhusiano unaoonekana kati ya fizi na mwili, ingawa picha ya bakteria anayeogelea kuelekea moyoni ndiyo inayovutia vichwa vya habari.

Moyo: magonjwa mawili yanayochanganywa

Watu wakisema fizi huathiri moyo huwa wanazungumzia magonjwa mawili yasiyofanana, na ushahidi wa moja hauwezi kuazimwa na jingine.

La kwanza ni maambukizi ya vali za moyo. Hapa hakuna ubishi. Bakteria kutoka mdomoni, hasa jamii ya streptokoki, hunasa kwenye vali iliyoharibika au ya bandia, hujifunika kwa vidonge vya damu iliyoganda, hukua, na kuila vali. Ni ugonjwa wa nadra lakini unaua. Kwa miaka mingi kila mwenye tatizo lolote la vali alipewa antibayotiki kabla ya kazi ya meno. Mwaka 2007 Chama cha Moyo cha Marekani kiliwapunguza walengwa hadi wale walio kwenye hatari kubwa kabisa: wenye vali bandia, waliowahi kuugua ugonjwa huo, wenye baadhi ya kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, na waliopandikizwa moyo ambao vali yake imeharibika. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 2 za amoksilini kwa mkupuo mmoja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi inayogusa ufizi. Mwaka 2021 klindamaisini iliondolewa kwenye orodha ya dawa mbadala kwa wenye mzio wa penisilini, kwa sababu ya madhara yake tumboni. Kama uko kwenye kundi hilo, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa chochote, hata kama umekwenda kukwanguliwa ugaga tu.

La pili ni ateri kuziba kwa mafuta, chanzo cha mshtuko wa moyo na aina nyingi za kiharusi. Mwaka 1989 watafiti wa Ufini waliripoti kwamba waliopata mshtuko wa moyo walikuwa na afya mbaya zaidi ya meno kuliko wenzao wasioupata, na tangu hapo tafiti za aina hiyo zimekuwa nyingi. Chembe za urithi za bakteria wa fizi zimekutwa ndani ya uchafu unaoziba ateri, na mwaka 2005 waliripotiwa hata bakteria hai kwenye tishu hizo. Maabara nayo imeonyesha P. gingivalis akiingia ndani ya seli za ukuta wa mshipa. Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu: wanafika.

Swali la pili ndilo gumu. Jaribio la mwaka 2007 liliwachukua watu 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi, nusu wakapewa tiba nzito na nusu tiba ya kawaida. Kilichopimwa ni jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka damu ikipita kwa kasi, dalili ya uzima wa ukuta wake. Saa 24 baada ya tiba nzito, mishipa ilifanya kazi vibaya zaidi kuliko ya kundi lingine, kwa sababu kukwangua kwenyewe kunamwaga bakteria na kuchochea mcharuko. Baada ya miezi 6 hali iligeuka, na waliotibiwa kwa nguvu walikuwa na mishipa bora. Hilo ni jambo zito. Lakini mshipa unaotanuka vizuri bado haujawa mshtuko wa moyo uliozuiwa, na mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia ushahidi wote kiliandika kwamba uhusiano upo, ila haijathibitika kwamba ugonjwa wa fizi husababisha ugonjwa wa ateri wala kwamba kuutibu huuzuia.

Kikwazo ni sigara, kisukari, umri na hali duni ya maisha. Vyote hivyo huharibu fizi na ateri kwa pamoja. Ukiona watu wenye meno mabovu wana mioyo mibovu, lazima ujiulize kama kimoja kimeleta kingine au vyote vimeletwa na pakiti moja ya sigara. Watafiti hujaribu kuondoa athari hiyo kwa hesabu, lakini hakuna hesabu inayoifuta yote.

Kisukari, ambako jibu ni la kuridhisha zaidi

Hapa uhusiano unakwenda pande zote mbili. Sukari ikikaa juu, seli nyeupe hupoteza uwezo wa kuua bakteria, kolajeni ya fizi inaharibika, na vidonda vinachelewa kupona. Upande wa pili, kemikali za mcharuko kutoka fizini huzuia insulini isifanye kazi yake kwenye misuli na ini, kwa hiyo sukari inapanda. Mgonjwa anazunguka ndani ya duara.

Duara hilo limejaribiwa kukatwa. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha majaribio ya tiba, yalijumlisha majaribio 30 yaliyopima matokeo ya miezi 3 hadi 4, yakakuta kwamba kusafisha mifuko ya fizi kulishusha kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari, kwa pointi 0.43 za asilimia. Ili kulinganisha, dawa nyingi za kisukari za vidonge hushusha kati ya 0.5 na 1. Jaribio jingine la watu 264 lililochapishwa mwaka 2018 lilitoa tiba nzito kwa mwaka mzima na tofauti kati ya makundi ikawa 0.6.

Kuna jaribio moja kubwa lililosema kinyume. La mwaka 2013, lenye watu 514, halikuona mabadiliko yoyote ya sukari. Ukisoma kwa undani unakuta kwamba baada ya tiba wengi wa washiriki bado walikuwa na utando mwingi na fizi zinazotoka damu. Wakosoaji wakasema, na tunakubaliana nao, kwamba huwezi kupima faida ya kuzima moto ambao haukuzimwa. Kwa mgonjwa somo ni moja kwa moja: kukwanguliwa mara moja, kisha kurudi kwenye mazoea yale yale, hakutashusha sukari.

Mapafu

Hiki ndicho kiungo ambacho ushahidi wake ni rahisi kuueleza, na cha kushangaza ndicho kinachozungumzwa kidogo. Mzee asiyemeza vizuri huvuta mate yenye bakteria, nao wanaleta nimonia. Huko Japani, utafiti uliofanyika kwenye nyumba 11 za wazee na kuchapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wazee kwa miaka 2. Kundi moja lilisafishwa meno na wahudumu kila baada ya mlo, pamoja na usafi wa kitaalamu mara moja kwa wiki. Lingine liliendelea kama kawaida. Nimonia iliwapata asilimia 11 ya waliosafishwa na asilimia 19 ya wengine. Hata wasio na meno walinufaika, kwani utando hukaa pia kwenye ulimi, kwenye kaakaa na chini ya meno bandia. Anayemhudumia mgonjwa aliyelala muda mrefu amwinue kichwa, atumie mswaki laini wenye maji kidogo mno ili yasiteremke kooni, afute ulimi na mashavu kwa ndani, na ayavue meno bandia usiku kucha.

Utumbo mpana na ini

Mwaka 2012 timu mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake zilikuta bakteria wa mdomoni, Fusobacterium nucleatum, kwa wingi usio wa kawaida ndani ya saratani ya utumbo mpana. Mdomoni kazi yake ni kuwa daraja: huwashikanisha bakteria wa mwanzo na wale wabaya wanaokuja baadaye. Protini yake iitwayo Fap2 hushika aina ya sukari ambayo seli za saratani huwa nayo kwa wingi, ndiyo maana hukusanyika hapo. Protini nyingine, FadA, huamsha ndani ya seli njia zinazoihimiza kugawanyika. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba saratani ikihamia kwenye ini, bakteria hao huhama nayo, na panya waliopandikizwa uvimbe wenye bakteria hao walipopewa antibayotiki ya metronidazoli uvimbe ulikua polepole zaidi. Mwaka 2024 watafiti waliubana utambulisho zaidi: kuna tawi moja tu la bakteria huyu linalotawala kwenye saratani, lenye uwezo wa kustahimili asidi ya tumbo.

Yote hayo yanamfanya mshukiwa mzito, hasa wa kuukuza uvimbe uliokwisha kuwepo. Kwamba huuanzisha, au kwamba fizi safi zinazuia saratani hii, hayo hayajaonyeshwa. Mwenye umri wa kuchunguzwa utumbo aende akachunguzwe, bila kujali meno yake yakoje.

Kuhusu ini, mwaka 2014 watafiti waliochunguza kinyesi cha wagonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, waliona kwamba zaidi ya nusu ya spishi zilizoongezeka utumboni mwao zilikuwa na asili ya mdomoni. Ini lililoharibika hutoa nyongo kidogo, na nyongo ni mlinzi mmojawapo wa utumbo, kwa hiyo wageni wanapata upenyo.

Ubongo, viungio, mimba, figo

Mwaka 2019 watafiti walitangaza kuona gingipaini kwenye ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu. Habari ilienea dunia nzima. Kampuni ikatengeneza dawa ya kuzuia gingipaini na kuijaribu kwa watu 643. Matokeo ya mwaka 2021: dawa haikupunguza kasi ya kupoteza kumbukumbu kwa ujumla wa wagonjwa, na vimeng'enya vya ini vilipanda kwa baadhi yao. Ni jaribio la aina ambayo dhana nyingi za fizi hazijawahi kupitia, na hiyo moja iliyopitia ilianguka. Anayekwambia leo kwamba mswaki huzuia Alzheimer anakuuzia kitu ambacho hakipo ghalani.

Baridi yabisi ina hadithi nzuri zaidi ya kikemia. P. gingivalis ana kimeng'enya kinachobadilisha arginini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, kuwa sitrulini, na kingamwili za ugonjwa huu hulenga protini zenye mabadiliko hayo hayo. Bakteria mwingine wa fizi, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, hutoboa seli nyeupe na kusababisha mabadiliko kama hayo kwa wingi.

Kwenye mimba, tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba wenye fizi mbovu hujifungua zaidi watoto njiti. Mwaka 2006 jaribio la wanawake 823 Marekani likawatibu fizi kabla ya wiki ya 21 ya mimba. Fizi zilipona, idadi ya njiti haikubadilika. Jambo la manufaa lililothibitika hapo ni kwamba kutibiwa fizi ukiwa mjamzito ni salama, na hakuna sababu ya kusubiri mpaka ujifungue.

Figo ziko karibu na moyo kwenye hoja hii: uhusiano upo, mcharuko na mishipa midogo ndiyo njia inayoelekea kuhusika, na kisukari kimekaa katikati kikivuruga hesabu.

Kosa lililokwisha kufanyika

Wazo hili si jipya. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal, Kanada, akilaumu usaha wa mdomoni kwa magonjwa chungu nzima. Hoja ikashika moto. Kwa miongo miwili au zaidi meno mazima yaling'olewa kwa maelfu ili kutibu yabisi, uchovu na mengineyo. Kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, Henry Cotton aliwang'oa wagonjwa meno, na kuwakata viungo vingine, akiamini anawatibu wazimu. Wengi walibaki vibogoyo na ugonjwa wao ule ule, na wengine walikufa. Nadharia hiyo ilipoporomoka, madaktari waliuacha mdomo wote kwa muda mrefu, pamoja na sehemu iliyokuwa kweli. Ndiyo maana sisi tunashikilia swali la pili kwa ukaidi.

Kupima na kutibu

Ugonjwa wa fizi haupimwi kwa macho. Daktari huingiza kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, sehemu 6 kwa kila jino. Mwenye meno 28 ana vipimo 168. Huandika kina cha kila mfuko, pale panapotoka damu, na jino linalocheza. Picha ya eksirei huonyesha mfupa uliobaki. Ukiambiwa fizi zako ni mbaya bila vipimo hivyo, omba vichukuliwe, kwa sababu bila namba za mwanzo hutajua kama tiba imefanya kazi. Mvutaji sigara asidanganywe na fizi zisizotoka damu: nikotini hubana mishipa na kuficha dalili huku mfupa unaendelea kuliwa. Na fizi zilizonenepa kupita kawaida zaweza kutokana na dawa, kama nifedipini au amlodipini za shinikizo la damu, au fenitoini ya kifafa. Hapo mwone aliyekuandikia. Usiiache dawa mwenyewe.

Tiba ya msingi ni kukwangua ugaga na utando juu na chini ya ufizi, kwa mashine ya mtetemo na vifaa vya mkono, chini ya ganzi pale mifuko inapokuwa mirefu. Mifuko ya milimita 4 hadi 6 kwa wastani hupungua kwa milimita 1 na kidogo. Ya 7 kwenda juu hupungua kama 2. Meno huonekana marefu zaidi baadaye na hushtuka kwa baridi kwa wiki kadhaa, kwa sababu uvimbe umekwisha na mizizi imebaki wazi. Watu hulalamika kwamba daktari kawaharibia, kumbe ufizi uliokuwa umevimba ndio uliokuwa ukificha hasara.

Antibayotiki peke yake haitoshi. Utando una gundi inayowakinga bakteria, na dawa isiyovunja gundi hiyo huua wa juu tu. Maji ya kusukutua ya kloheksidini ya asilimia 0.12 hadi 0.2, mililita 10 hadi 15 kwa sekunde 30 hadi 60, mara 2 kwa siku, husaidia baada ya upasuaji au pale mswaki unapouma, lakini hayaingii mifukoni na yakizidi wiki 2 yanatia meno madoa ya kahawia. Yaache yapishane nusu saa na dawa ya meno, kwani sabuni iliyomo hupunguza nguvu yake. Na kuua kila kitu mdomoni kuna gharama: bakteria wa ulimini hubadilisha naitreti ya mboga kuwa kemikali inayolegeza mishipa, na watu wazima wenye afya waliosukutua kwa dawa hii wiki moja katika utafiti wa mwaka 2013 walipandwa na shinikizo la damu kwa milimita 2 hadi 3.5 za zebaki.

Nyumbani, mswaki laini uelekezwe kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa pembe ya nyuzi 45, kwa mitikisiko mifupi, dakika 2, mara 2 kwa siku. Huo haugusi katikati ya meno, na mifuko mingi mibaya iko hapo hapo. Penye nafasi tumia vijibrashi vya katikati ya meno, vya saizi inayobana kidogo bila kulazimisha. Mara nyingi mtu mmoja huhitaji saizi 2 au 3. Penye meno yaliyobanana tumia uzi. Wiki ya kwanza damu itatoka, na ndipo wengi huacha wakidhani wanajiumiza. Ikiendelea baada ya siku 14, kuna ugaga chini ambao hautautoa mwenyewe.

Bakteria wabaya hurudi mifukoni ndani ya miezi 2 au 3, kwa hiyo ratiba ya usafi wa kitaalamu kwa aliyewahi kuugua ni karibu kila miezi 3 mwanzoni, na hurefushwa tu iwapo vipimo vinaruhusu. Mifuko ipimwe upya wiki 8 hadi 12 baada ya tiba. Mwenye kisukari apime HbA1c kwenye mwisho wa kipindi hicho hicho na si mapema zaidi: chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo cha wiki ya 3 au ya 4 bado kimebeba sukari ya siku ambazo fizi zilikuwa hazijaguswa.